Kabla Ununue Kopo la BCAA, Nunua Madondo

Wasee, wiki hii nimetumiwa swali moja mpaka nimeanza kulijibu kabla nifungue ujumbe. Maneno hubadilika lakini swali ni lile lile. "Nimechanika msuli wa paja, BCAA gani itaniponesha haraka?" "Kochi amesema nitafute amino, hapa Nakuru nipate wapi ya bei poa?" Mmoja alinitumia picha ya kopo jeusi lenye maandishi ya dhahabu, akataka nimwambie kama ni halisi ama ni feki.

Jibu langu kwa wote ni moja. Hata kama ni halisi, hiyo doh peleka kibandani.

Najua vile inasikika. Mtu ako na maumivu, anataka dawa, na wewe unamwambia mambo ya madondo. Lakini soma mpaka mwisho kabla uanze kunitukana kwa komenti, kwa sababu hapa Bondeni hii si stori ya watu wa jimu wanaotaka kifua cha kupiga picha. Sisi ni mtaa wa ngumi. Philip Waruinge alikuwa bondia wa hapa hapa Nakuru, na alirudi na medali ya shaba ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka wa 1968, pamoja na tuzo ya Val Barker, ile ya bondia mwenye ufundi kuliko wote kwenye mashindano. Miaka 4 baadaye akaleta ya fedha kutoka Munich. Mpaka leo kuna vijana wanaingia ukumbi wa Madison Square Garden wakiwa na glavu za kuazima, wakiamini hiyo ndio njia yao ya kutoka. Na hata ukitoa ngumi kando, hesabu wale wanaobeba magunia pale Wakulima, wale wa mjengo, wale wa boda. Mwili ndio kazi. Msuli ukichanika, mshahara umechanika.

Kwa hivyo mtu akikuuzia uongo hapo, hajakula pesa ya kopo peke yake.

Tuanze na hiyo BCAA yenyewe ni nini. Protini yoyote, iwe ya nyama, yai ama maharagwe, imeundwa na vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Mwili wako unatumia aina 20 kujenga protini zake. Kati ya hizo 20, kuna 9 ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwa chakula. BCAA ni 3 kati ya hizo 9: leusini, isoleusini na valini. Hizo tu. Ukinunua kopo la BCAA umenunua vipande 3 kati ya 9 ambavyo huwezi kukosa.

Sasa mbona wanauza hizo 3? Kwa sababu leusini ina kazi ya kipekee. Ndiyo inayoambia seli ya msuli kwamba chakula kimeingia, anza kujenga. Hiyo ni kweli kabisa, wala si propaganda ya wauzaji. Uongo unaingia kwa hatua inayofuata.

Wewe umewahi fanya kazi ya mjengo? Hata kama hujawahi, umepita karibu ukaona. Leusini ni ule msimamizi anayepiga kelele saa moja asubuhi, "Haya, kazi ianze!" Mafundi wanasimama, wanashika mwiko. Lakini kama lori halijaleta mawe, mchanga na simiti, watajenga na nini? Msimamizi hata apige kelele mpaka sauti ikauke, ukuta hautapanda. Na mwili hauna lori la siri. Zile 6 zinazokosekana zikihitajika, mahali pa kuzitoa ni moja tu: kwa kubomoa msuli ulio nao tayari. Yaani unabomoa jikoni ndio ujenge sebule.

Hii si mimi nimeamka nikaiota. Mtafiti Mmarekani anaitwa Robert Wolfe aliandika kuihusu mwaka wa 2017. Alitafuta tafiti zilizopima kwa binadamu kama BCAA peke yake inajenga msuli, na zile chache alizopata, watu wakiwekewa BCAA moja kwa moja kwenye mshipa, zilionyesha ujenzi wa protini ya msuli ukishuka, wala si kupanda. Akasema wazi kwamba hayo madai ya kwamba BCAA peke yake inajenga msuli hayana msingi. Mimi chuo sikumaliza, lakini kusoma sijaacha, na huo mjadala uko mtandaoni bure kwa yeyote mwenye bando.

Kuna mtu sai anasema, "Lakini mimi nakula vizuri halafu naongezea BCAA." Sawa. Kama unakula vizuri, hizo 3 tayari ziko kwa chakula chako, na zile 6 zingine ziko pamoja nazo. Umelipia kitu ulikuwa nacho, tena mara mbili.

Na usichanganye hii na unga wa whey. Whey ni protini ya maziwa, iko na zote 9, na kusema ukweli ni chakula tu kilichokaushwa. Kama una pesa na ni halisi, kunywa, siwezi kukuzuia. Ila kama ni mwanamichezo unayeweza kupimwa, kumbuka sheria ya dawa za kusisimua misuli haijali ulidanganywa na nani dukani. Kikipatikana kwa mkojo wako, ni chako. Makopo yasiyojulikana yametoka wapi yameshaharibia watu kazi, na yai la kuchemsha halijawahi kunyima mtu medali.

Turudi kwa huo msuli uliochanika, kwa sababu wengi hawajui ndani kunaendelea nini. Juu ya nyuzi za msuli wako kuna seli zimelala, zinaitwa seli satelaiti. Mtu wa kwanza kuzieleza ni Alexander Mauro, mwaka wa 1961, akichungulia msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni. Hizo seli hukaa kimya miaka na mikaka. Siku nyuzi zinachanika, damu inaingia, sehemu inavimba, askari wa mwili wanakuja kusafisha takataka, halafu hizo seli zinaamka, zinazaana, zinaungana na kuziba palipokatika. Wakati huo huo mwili unaweka kovu kushikilia pande mbili zisiachane. Baada ya hapo ni wiki kadhaa za kupanga nyuzi upya ziangalie upande mmoja. Kazi yote hiyo inakula amino asidi, na inakula nguvu. Hakuna sindano inayoruka hizo hatua. Ile diklo unachomwa inatuliza maumivu na uvimbe. Ukuta bado haujajengwa, umeziba tu masikio usisikie nyundo.

Hapa sasa ndio kuna kitu kinachoniuma zaidi ya makopo. Mtaani kwetu mtu akiumia, kitu cha kwanza kupunguzwa ni sahani yake.

Angalia vile inakuwa. Jamaa anabeba magunia, analipwa kwa siku. Ameumia Jumatatu. Jumanne hana kitu. Zile chapo na ndengu alikuwa anakula saa sita na wenzake haendi tena, kwa sababu hayuko kazini. Nyumbani anaona aibu kula sana na hajaleta kitu. Yeye mwenyewe anajiambia, "Si nimekaa tu, nguvu natumia wapi?" Anaanza kuishi kwa chai ya rangi na mkate asubuhi, ugali na sukuma usiku. Hiyo kidogo anayochangiwa na mabeshte inaenda kwa sindano na, kama kuna rafiki wa jimu karibu, kwa kopo. Yaani wiki ile mwili unahitaji mawe na mchanga kuliko wiki zote, ndiyo wiki lori limesimamishwa.

Kuna utafiti ulitoka mwaka wa 2014, wa Areta na wenzake. Walichukua vijana wenye afya waliozoea kuinua vyuma, wakawapunguzia chakula kwa siku 5 tu. Kasi ya kujenga protini ya msuli wakiwa hawajala ilishuka kwa asilimia 27. Siku 5! Na hao hawakuwa wameumia, walikuwa wazima. Wakipewa protini baada ya mazoezi kasi ilipanda tena, kwa hivyo hata ukiwa na kidogo, protini ndiyo ya kulinda kwanza. Lakini ona vile njaa kidogo tu inapunguza kazi ya mafundi.

Halafu kuna kulala. Mwaka huo huo, watafiti wa Maastricht kule Uholanzi waliwafunga vijana wazima plasta mguu mmoja. Baada ya siku 5 msuli wa mbele ya paja ulikuwa umepungua kwa asilimia 3.5. Baada ya siku 14, asilimia 8.4, na nguvu ya mguu ilikuwa imeshuka kwa karibu robo. Sasa weka hizo mbili pamoja, kutokula na kutosonga, halafu uniambie mbona jamaa anarudi kazini baada ya wiki 3 akiwa mwembamba na msuli unachanika tena pale pale. Watu wanasema amerogwa. Maze, hakuna aliyemroga.

Kuhusu kusonga, kuna utafiti mmoja naupenda sana, wa Denmark, wa mwaka wa 2017. Wanamichezo 50 wa kawaida waliochanika msuli wa paja ama wa kigimbi waligawanywa makundi mawili. Wengine walianza mazoezi ya kurudisha msuli siku 2 baada ya kuumia, wengine wakangoja siku 9. Mazoezi yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa wiki moja tu ya kungoja. Kundi la kwanza lilirudi michezoni baada ya siku 62.5 hivi, la pili siku 83. Wiki moja ya kulala iligeuka kuwa wiki 3 za hasara. Na ona hiyo namba ya juu vizuri: hata walioanza mapema walichukua miezi 2. Anayekuahidi wiki moja kwa sababu ya unga wa rangi ya stroberi anakuchezea.

Kuanza mapema hakumaanishi urudi kubeba gunia siku ya tatu. Wao walianza na kunyoosha polepole, halafu kukaza msuli bila kusogeza kiungo, halafu uzito kidogo kidogo. Ukipata fizio wa kukuongoza ni vizuri zaidi. Na kama ulisikia kitu kikilia "pa!" na sasa huwezi kukanyaga, ama kuna shimo unalihisi kwa mkono, ama mkojo umekuwa rangi ya Coke, wacha kusoma post, enda hospitali leo.

Sasa chakula. Kwa mtu mzima asiye mgonjwa kiwango cha kawaida cha chini ni kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa wanaofanya mazoezi mazito, wataalamu wanataja 1.4 hadi 2, na kwa aliyeumia hushauri usishuke chini ya 1.6. Tuchukue jamaa wa kilo 65. Hiyo ni gramu 104 hivi. Inasikika nyingi mpaka uanze kuhesabu vitu vya hapa. Mayai mawili, 12. Vipande vinne vya mkate, kama 8. Nusu lita ya maziwa, 16. Sahani kubwa ya githeri yenye maharagwe ya maana, sio ile ya mahindi 20 na haragwe moja la mapambo, weka 20 na kitu. Njugu za kujaza mkono mara mbili, 12. Ugali wa usiku, mwingine 12. Omena kavu gramu 40, zaidi ya 20. Umefika. Hakuna kopo hapo. Halafu kijiko cha BCAA, kwa kawaida gramu 5 hadi 7. Wewe piga hesabu.

"Lakini protini ya maharagwe ni ya daraja la pili." Hii nimeisikia mpaka kwa makochi. Iko na ukweli nusu. Mahindi yana uhaba wa amino asidi inayoitwa laisini. Ukila ugali mtupu utakwama hapo. Maharagwe yamejaa laisini, lakini yana uhaba wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Sasa uniambie ni chakula gani kinachochanganya mahindi na maharagwe kwa sufuria moja. Shosho zetu hawakuwa na maabara, na bado githeri inaziba lile pengo kuliko kopo lenye maandishi ya dhahabu. Kinachobaki ni kwamba protini ya mimea humeng'enywa kidogo chini ya ile ya yai, kwa hivyo kula nyingi, loweka maharagwe usiku, pika yaive vizuri, na ukiweza ongeza yai, maziwa ama omena juu yake.

Mwaka wa 2002 jarida moja la lishe la Uingereza lilitoa utafiti kuhusu vijana 12 wa Kikalenjin, wakimbiaji, hapa hapa Bonde la Ufa. Chakula chao kilikuwa cha aina chache sana, mahindi na maharagwe ndio wafalme. Protini yao ilifika karibu gramu 1.6 kwa kila kilo, na amino asidi nyingi za lazima zilitosha. Siri haikuwa kitu kigeni, siri ilikuwa wingi. Walikuwa wanajaza sahani. Ndio maana narudia: shida yetu kubwa mtu akiumia ni kwamba sahani inapungua, kuliko hata kilicho ndani ya sahani.

Na supu? Najua mtaniuliza. Mtu akiumia Bondeni, kabla hata aletewe kiti ameletewa supu ya mifupa. Siipingi, ina joto, inashuka vizuri, inakufanya ujisikie unapendwa. Lakini protini iliyo kwa hiyo supu ni kolajeni, na kolajeni haina triptofani hata chembe, ambayo ni moja ya zile 9. Leusini yake nayo ni kidogo. Kwa hivyo supu bila nyama ni mchango wa mchanga bila mawe. Kunywa supu, halafu kula matumbo ama ile nyama iliyokuwa kwa mfupa. Usiwaachie watu wengine nyama na wewe mgonjwa unakunywa maji yake.

Moja ya haraka: mwenye shida ya figo asifuate hizi namba zangu, aongee na daktari wake kwanza. Na protini igawe kwa siku nzima, gramu 20 na kitu kila mlo, usingoje kujaza usiku kama ngamia.

Sasa nyinyi wa changa. Nimeona kwa magrupu ya WhatsApp ya huku mtaani, kijana ameumia mazoezini ama kazini, mnachanga fasta, na hiyo roho naipenda kabisa. Halafu mnampelekea pesa yote siku moja, inaisha kwa sindano, nauli na kopo. Mimi napendekeza hivi: lipeni hospitali kwanza kama inahitajika, hiyo haina mjadala. Inayobaki msimpe mkononi. Mpelekeeni mama wa kibanda aliye karibu na kwake, mlipe wiki 3 mbele. Asubuhi mayai na chai ya maziwa, mchana githeri ama ndengu, usiku omena ama matumbo. Akikosa kwenda, mama atajua, atauliza. Hakuna aibu ya kula nyumbani kwa watu, kwa sababu imeshalipwa. Makochi nanyi, huyo kijana mwambieni aje ukumbini hata kama hapigi, afanye zile za kukaza msuli kando ya ulingo, aende kula na wenzake.

Nimeanza kuuliza vibanda vya upande wetu ni nani anakubali kushika pesa ya wiki mbele na kuandika kwa daftari. Wawili wamekubali, mmoja anasema anataka kwanza aone huyo mgonjwa ndio ajue atakula kiasi gani. Kama wewe ni wa Kivumbini ama Flamingo na unajua mama wa aina hiyo, mwandike kwa komenti, jina la kibanda tu, namba usiweke.